Kizito cha Presha Hakichaguliwi kwa Macho
Wiki hii pale Makoroboi, hapa Mwanza, nimeona vipuri vya sufuria za presha vimemwagwa kwenye turubai, mipira ya mfuniko na vizito vya tundu la mvuke vya kila aina, na mama mmoja akichagua kwa macho tu. Namwelewa: mji wetu uko juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, maharage yanakula mkaa mchana kutwa, ilhali ndani ya presha joto hukaribia nyuzi 120. Lakini kizito kisicho chake huweza kupandisha presha kupita kiasi, na mvuke ulionyimwa njia hujitafutia yake. Anayetuuzia sufuria bila vipuri vyake anatuuzia hatari. Dada zangu, nendeni dukani na mfuniko wenyewe mkononi, na maharage yasipite nusu ya sufuria.