Hita ya Maji Ikiwashwa kwa Simu

Asubuhi za mvua Bukoba na Muleba, mtoto hataki kuoga maji baridi kabla ya shule. Mzazi anaweza kuunganisha hita ya tangi na soketi inayowashwa na kuzimwa kwa simu. Faida ipo: hita ya wati 3,000 ikiwaka saa nzima hula uniti 3 za LUKU. Lakini hita hiyo huvuta ampea 13, na baadhi ya soketi hizo hubeba 10 tu, zinaweza kuungua. Fundi umeme aweke kontakta ibebe mzigo. Temostati isiondolewe, maana soketi haijui joto la maji. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache. Changanya na baridi, pima kwa kiwiko, ndipo umwogeshe.