Nyika si Pori Tupu: Lugha na Uhifadhi wa Mazingira Taita Taveta

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi, apitapo Maungu na kukaribia Voi, huona pande zote mbili ardhi nyekundu, vichaka vya miiba, mibuyu, na pengine ndovu waliogeuzwa rangi na vumbi hilohilo. Aghalabu nchi hiyo huitwa "pori" au "nyika", na muradi wa msemaji huwa ni mahali patupu, pasipo na faida. Hukumu hiyo imo vinywani mwa wengi, wasomi wa Kiswahili wakiwamo. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo ni potovu, na kwamba namna mazingira ya Taita Taveta yanavyotajwa, na lugha yanamojadiliwa, ni miongoni mwa sababu zinazofanya uhifadhi wake usuesue.

Kwanza, yafaa kubainisha kile kinachoitwa kitupu. Nyika hiyo ndiyo makao ya Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948 na baadaye kugawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Katikati ya ukame huo vimesimama vilima vya Dawida, Mbololo, Sagalla na Kasigau. Kilele cha Vuria hufikia mita 2,208. Vilima hivi ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake nyingine yote imo Tanzania, kuanzia Upare na Usambara hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari Hindi hugonga vilima hivyo, ukungu hunaswa na miti, na maji hutiririka kwenda mabondeni. Upande wa Taveta, Mto Lumi huteremka kutoka Kilimanjaro na kulisha Ziwa Jipe, ilhali Ziwa Chala limetuama katika shimo la volkano. Huko Mzima, mvua iliyonyesha juu ya miamba ya Chyulu huibuka ikiwa chemchemi, na tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kwa hiyo, mkaazi wa Mombasa anayeidharau nyika huenda anayanywa maji yake kila siku.

Licha ya utajiri huo, macho ya wengi huishia kwa ndovu na simba. Misitu ya vilimani imebaki vipande vidogo vilivyozingirwa na mashamba na miti ya kigeni kama vile mikaratusi na misonobari. Ngangao, mmojawapo wa iliyo mikubwa, ni wa takriban hekta 120 tu. Humo wanaishi ndege wawili wasiopatikana kwingineko duniani, ambao wanasayansi huwaita apalisi wa Taita na kurumbiza wa Taita, na wote wawili wamo hatarini. Katika udongo wa Sagalla kuna amfibia asiye na miguu, mwenye umbo kama la nyungunyungu, aliyetambuliwa rasmi na sayansi mwaka 2005. Kiumbe huyu hana jina lililozoeleka katika Kiswahili. Je, mwalimu wa shule ya msingi atawafundishaje watoto kumlinda mnyama ambaye lugha ya taifa haijamtaja?

Tatizo hili laonekana hata katika istilahi zilizokwisha kuenea. Maana ya asili ya "mbuga" ni uwanda mpana wenye nyasi. Nchini Kenya neno hilo limehama na kumaanisha eneo la serikali lililotengewa wanyama. Matokeo yake ni kwamba uhifadhi nao umeeleweka kuwa shughuli ya mahali penye lango, askari na watalii. Mtu wa Wundanyi, ambaye msitu umo nyuma ya nyumba yake, hujiona yu nje ya uhifadhi. Mtu wa Voi naye hujiona amefungiwa nje. Hisia hiyo ina msingi, kwani takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga hizo, na wananchi wameachiwa kugawana kilichobaki pamoja na ranchi na mashamba makubwa ya katani. Ukame ukizidi, mgogoro huwa mkali. Kati ya Februari na Oktoba 2022, ndovu 205 walikufa nchini kote kwa mujibu wa wizara inayohusika. Wale waliosalimika hutafuta maji na chakula popote, mashamba ya watu yakiwamo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa. Hata hivyo, haki iliyoandikwa katika lugha asiyoimudu mdai ni haki iliyo mbali.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na kuitaka serikali iziendeleze lugha za kiasili. Kifungu cha 69 kinaamuru umma ushirikishwe katika kuyatunza mazingira na maarifa ya jadi kuhusu bayoanuwai yalindwe. Lakini ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi hualikwa barazani kutoa maoni juu ya waraka asioweza kuusoma. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone; hapa mgeni huja na waraka, na mwenyeji hubaki kuitikia tu.

Mfano mmoja watosha. Tangu 2011, mradi wa kuhifadhi misitu ya nyika katika ukanda wa Kasigau umekuwa ukihusishwa na uuzaji wa haki za kaboni. Barazani, biashara hiyo huelezwa kuwa ya "kuuza hewa". Katika Kiswahili cha leo, mfanyakazi hewa ni mfanyakazi asiyekuwapo, na mradi hewa ni wizi. Mwananchi anayesitasita asikiapo kwamba hewa yake inauzwa si mjinga; anakielewa Kiswahili vizuri kuliko aliyetafsiri.

Yamkini wapo watakaopinga kwamba lugha haimzuii ndovu kuvunja ua. Pingamizi hilo lina ukweli. Hakuna istilahi inayoweza kuchukua nafasi ya fidia, maji au ardhi. Hata hivyo, tukio la Sagalla lina funzo. Huko wakulima wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki. Wazo hilo laweza kuelezwa lote kwa maneno ambayo mkulima amekuwa nayo tangu utotoni: mzinga, nyuki, asali, ndovu. Linapoeleweka hivyo, mkulima huweza kulihoji, kulirekebisha na kulifanya lake.

Aidha, wenyeji hawakungoja wageni kuwafundisha kuhifadhi. Wataita walikuwa na fighi, yaani misitu mitakatifu iliyolindwa na wazee na isiyokatwa ovyo. Neno hili lastahili kuingia katika kamusi za Kiswahili. "Hifadhi" humkumbusha Mtaita ardhi aliyonyang'anywa, ilhali "fighi" humkumbusha ardhi aliyoitunza mwenyewe. Wanaounda istilahi wamezoea kugeukia Kiingereza kwanza. Kwa mintarafu ya mazingira, ingefaa wageukie kwanza Kidawida, Kisagalla, Kikasigau na Kitaveta. Lengo lisiwe Kiswahili kuzimeza lugha hizo, bali kukopa kwa heshima, kama kilivyokopa siku zote.

Kazi hii ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tasnifu moja juu ya majina ya mimea ya Mbololo, au tafsiri moja ya muhtasari wa ripoti ya mazingira, yaweza kuwafaa watu zaidi ya uchambuzi wa kumi wa riwaya ileile. Mkulima anayekesha akilinda mahindi yake gizani ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kile kilichoamuliwa kuhusu ndovu, maji na msitu wa kilimani kwake. Wenye ujuzi wa kumwandikia wapo vyuoni.