Jina la Tovuti ni Mali: Hati Iko kwa Jina la Nani?

Kuna mali moja ambayo Waswahili wengi wenye biashara zao, wawe Maskati, Dubai, Mombasa au Unguja, wanaitumia kila siku lakini ukiwauliza ni ya nani watababaika. Mali hiyo ni jina la tovuti, lile ambalo watu wa kompyuta wanaliita domeni. Limeandikwa kwenye kadi ya biashara, limechorwa ubavuni mwa gari, limechapishwa juu ya risiti. Lakini katika daftari la wanaosajili majina hayo, aliyeandikwa kuwa ndiye mwenyewe mara nyingi ni mtu mwingine kabisa.

Chukua mfano wa Wadi Kabir, hapa Maskati. Huu ni mtaa wa kazi: gereji, maduka ya spea, mafundi seremala na lile soko la Ijumaa la magari na vitu vilivyokwishatumika. Katika mtaa kama huu hata mgeni aliyeshuka jana kutoka Afrika Mashariki hujifunza haraka swali la kwanza la biashara ya Ghuba: leseni iko kwa jina la nani? Kwa miaka mingi mgeni hakuweza kufungua duka bila kuwa na mshirika Muomani, na ingawa sheria ya uwekezaji ya mwaka 2019 ililegeza mambo mengi, funzo limebaki vichwani. Watu wamekwishaona mtu akitoa jasho lake miaka kumi, halafu anaambiwa duka si lake kwa sababu karatasi inasema vinginevyo.

La kushangaza ni kuwa mtu huyohuyo, aliye mwangalifu namna hiyo juu ya leseni, akifika kwenye tovuti haulizi kitu. Tuseme anauza spea na kuzisafirisha Dar es Salaam na Zanzibar. Anatokea kijana anayejua kompyuta, mtoto wa jamaa, anakubali kumtengenezea tovuti kwa riali chache. Kijana anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe na analipa kwa kadi yake mwenyewe. Si kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa rahisi siku ile. Baada ya miaka mitatu kijana amehamia Kanada, au ameoa na kubadilisha namba, au wamegombana. Mwenye duka anataka kubadilisha jambo dogo tu kwenye tovuti. Anaipigia simu kampuni iliyosajili jina, na jawabu analopewa ni fupi: sisi hatukujui wewe.

Na kampuni hiyo haina makosa. Utaratibu wenyewe ndivyo ulivyo. Juu kabisa kuna ICANN, taasisi iliyoko Marekani inayosimamia majina ya mtandao dunia nzima. Chini yake kuna wenye daftari la kila mwisho wa jina: .com ina wake, .om iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano ya Oman, .tz iko chini ya TCRA ya Tanzania, .ke iko kwa KeNIC. Kisha wako wasajili, ambao ndio wanaokuuzia wewe. Katika mlolongo wote huo anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa kuwa msajiliwa, na anayeshika akaunti na barua pepe. Aliyetoa fedha mfukoni hatambuliwi, wala aliyechora nembo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sidhani kama walikuwa na mtandao akilini, lakini maneno yao yamekaa hapa khasa.

Kuna kesi moja maarufu ya Marekani inayolieleza jambo hili vizuri. Inahusu jina moja la .com ambalo adabu inanizuia kuliandika katika ukurasa huu. Gary Kremen alilisajili mwaka 1994. Mwaka uliofuata mtu mwingine, Stephen Cohen, alipeleka kwa msajili barua ya kughushi iliyodai kuwa kampuni ya Kremen imeliacha jina hilo. Msajili akaiamini barua, hakumpigia simu hata mwenyewe kumuuliza, akalihamisha. Kremen alihangaika miaka mitano mpaka akarudishiwa jina lake mwishoni mwa mwaka 2000, na mwaka 2001 mahakama ikaamuru alipwe dola milioni 65. Fedha hizo kuzipata ikawa kazi nyingine, maana mdaiwa alikimbia nchi. Lakini mwaka 2003 mahakama ya rufaa ilisema neno ambalo kila mfanyabiashara angelikariri: jina la tovuti ni mali, na anayempa mtu mwingine mali yako anaweza kushitakiwa kama aliyempa mtu ng'ombe wako.

Hiyo ni habari ya wizi. Ya kusahau nayo ipo, tena ndiyo inayotupata zaidi. Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja. Unalikodi kwa mwaka mmoja mmoja, na kwa majina kama .com huwezi kulipia zaidi ya miaka kumi kwa mkupuo. Usipolipa linakufa. Wakubwa pia wamejikwaa hapa. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1999 huduma ya barua pepe ya Hotmail iliwasumbua watu kwa sababu Microsoft ilikuwa haijalipia jina la passport.com. Aliyeokoa jahazi ni fundi mmoja wa programu, Michael Chaney, aliyetoa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Ikiwa Microsoft na mawakili wake wote walisahau, je, sisi wenye duka moja na daftari moja la madeni?

Kwa jina la .com, baada ya tarehe kupita msajili anaweza kukupa muhula wa mpaka siku 45 kulipa kama kawaida, lakini si lazima akupe zote. Likishafutwa kwake kuna siku 30 nyingine za kulikomboa, kwa bei ya juu zaidi. Kisha siku tano, halafu linarudi sokoni. Na huko sokoni kuna watu wanaolala macho wakingojea majina yenye wateja yafe, wayachukue dakika ileile wakuuzie mwenyewe kwa bei wanayotaka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: jina la .com kwa kawaida ni dola kumi au ishirini kwa mwaka, lakini kulidai mbele ya shirika la WIPO, chini ya utaratibu uliowekwa mwaka 1999, huanzia dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, hujamlipa wakili. Tena ni lazima uthibitishe kuwa aliyelichukua alifanya hivyo kwa nia mbaya. Ukilipoteza kwa usahaulifu wako, kazi hiyo ni nzito.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wengi hufikiri mwisho wa jina ni pambo tu. Sivyo. Mwisho wa jina ni kusema umejenga kwenye ardhi ya nani na chini ya sheria ya nani. Mwenye wateja wake Oman ana kila sababu ya kuwa na .om, kwani mteja wa hapa atamwamini. Lakini awe pia na .com ya jina hilohilo, na sababu ni herufi moja tu. Machi 2016 kampuni ya usalama ya Endgame ilieleza jinsi watu walivyokuwa wamesajili zaidi ya majina 300 ya .om yanayofanana na tovuti mashuhuri, wakitegea mtu akosee kuandika .com na kuiacha herufi c. Aliyeandika netflix.om alijikuta anashawishiwa kupakua programu chafu. Mtego ule ulitegwa kwa herufi za nchi hii tunayoishi. Mwenye duka wa Wadi Kabir asiyeshika upande wa pili wa jina lake anamwachia mwingine aushike.

Kwa walioko nyumbani, .co.tz na .co.ke ni majina mazuri na yanaheshimika. Lakini ujue unachokichagua. Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alipofikishwa mahakamani Dar es Salaam, miongoni mwa mashitaka aliyosomewa lilikuwamo la kuendesha tovuti ambayo jina lake halikusajiliwa Tanzania. Yaani ule mwisho wa jina ulikuwa kosa la kujibiwa kizimbani. Sisi waandishi tulio nje tulilisoma shitaka lile mara mbili mbili. Wala asije mtu akadhani .com haina mwenyewe: daftari lake liko Marekani, na serikali ya huko imekwisha kuyakamata majina mengi kwa amri za mahakama. Hakuna shamba lisilo na mwenye shamba. La muhimu ni kumjua kabla hujapanda.

Na herufi nazo hufa. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, ilipewa .cd, na ile .zr ya zamani ikafutwa mwaka 2001. Waliokuwa na majina yao huko walihama kama walivyohama wengine. Za bure ndizo mbaya zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iliyagawa bila malipo majina yenye herufi za Mali, Gabon, Afrika ya Kati na Guinea ya Ikweta, na vijana wetu wengi wakayachukua. Mwaka 2023 kampuni ya Meta iliishitaki, ikaacha kusajili majina mapya. Mwaka huohuo Gabon ililichukua daftari lake, na mamilioni ya majina ya .ga yakafutwa. Aliyejenga kwenye kiwanja cha bure hakuwa na wa kumlalamikia.

Najua wako watakaosema: haya yote ya nini, mimi nina WhatsApp na Facebook, wateja wananipata. Ni kweli, na sisemi uache. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa saa kama sita, na wafanyabiashara wa dunia nzima wakakaa kama watu waliofungiwa mlango wa duka na ufunguo uko kwa mtu mwingine. Huko wewe ni mpangaji. Akaunti inaweza kufungwa leo bila kuelezwa sababu. Jina lako mwenyewe unaweza kulihamisha kwa msajili mwingine ukichoka na wa kwanza, na wateja wasijue kama umehama.

Basi tufanye nini? Kwanza, chagua jina linalosemeka kwa simu. Wadi Kabir yenyewe watu huiandika Wadi Al Kabir, Wadi Kebir na kadhalika, na Maskati ina tahajia chungu nzima. Ukilitaja jina lako kwa shangazi yako aliyeko Pemba na akaliandika sawa bila ya kumtajia herufi moja moja, umepata. Pili, fungua akaunti kwa msajili wewe mwenyewe, kwa jina lako au la kampuni, na risiti itoke hivyo hivyo. Kijana wa kompyuta mpe ruhusa ya kufanya kazi, usimpe umiliki. Tatu, barua pepe uliyosajilia isiwe ile ya jina hilohilo, maana jina likifa na barua pepe imekufa, na taarifa ya kukuokoa huioni. Nne, lipa miaka kadhaa mbele, weka kufuli la kuzuia uhamisho, na washa ulinzi wa hatua mbili. Na sisi wa ughaibuni tuangalie namba ya simu tuliyoiandika: wangapi wamefungiwa nje kwa sababu ujumbe wa siri unakwenda kwenye laini ya nchi waliyoihama?

Tano, na hili naliomba kwa dhati, liandike kwenye wasia. Baba anafariki, watoto wanarithi gari, spea na madeni, lakini hakuna anayejua jina la tovuti liko kwa msajili gani wala linakwisha lini. Mwaka unapita, jina linakufa, na wateja wa miaka ishirini wanakwenda kwa mwingine.

Jamii yetu hapa Oman ni ya watu ambao wengi wao wazee wao waliondoka Zanzibar baada ya 1964 wakiziacha nyumba na mashamba nyuma. Wako waliotunza hati zao sandukuni maisha yao yote, hata pale hati hizo zilipokuwa hazina tena nguvu. Wale walinyang'anywa kwa nguvu iliyowazidi, na hawana lawama. Sisi hakuna aliyetushikia bunduki. Mali yetu hii inapotea kwa uvivu wa nusu saa, kwa dola kumi, na kwa aibu ya kumuuliza kijana swali moja: mwanangu, umeandika jina la nani? Muulize leo, kabla hajapanda ndege. Akikujibu kuwa ni jina lake, mshukuru kwa kazi yake, kaa naye chini, mlihamishe siku hiyohiyo mkiwa bado mnapendana.