Shaba tunachimba, nsinga ya terre haiko

Sisi wa Katanga tunachimba shaba ya kujaza dunia. Lakini siku moja niliingia mu angari ya kampani fulani, jina yake sitataja, mahali ndeke ndogo ya kubeba wakubwa na wagonjwa inalala. Nikauliza fundi: nsinga ya terre iko wapi? Akanijibu: « Vieux, walishakata. Ilienda mu mitraille. » Tangu lini? « Miezi mitatu. » Na kazi ilikuwa inaendelea: ndeke inajazwa mafuta, mafundi wako na perceuse mikononi.

Wengine wanafikiri terre ni mapambo ya ingénieur. Hapana. Iko na kazi tatu.

Ya kwanza: kama courant inatoroka mu mashini, terre inaibeba mu udongo, na disjoncteur différentiel inakata. Bila terre, courant inangojea mkono wa mtu.

Ya pili: mafuta ikipita mu mupira inazaa umeme ya kutulia, ile inauma kidole ukigusa mulango wa gari. Mwili wa mtu unaweza kubeba volti zaidi ya 1.000 bila yeye kusikia kitu. Na mvuke ya mafuta hailombi mengi, cheche ndogo inatosha. Avgas ya ndeke za pistoni inatoa mvuke ya kuwaka hata mu baridi kali. Jet A-1 inaanza ku digri 38, na chini ya mabati, mwezi wa kumi, digri 38 haiko mbali. Njo maana ndeke na kamiyo ya mafuta lazima vifungwe pamoja na nsinga mbele ya kufungua kifuniko, na nsinga inatoka tu nyuma ya kukifunga. Koleo yake inashika chuma, hapana rangi.

Ya tatu ni radi. Kila mtu wa huku anajua mvua yetu inavyokuja. Angari ni nyumba kubwa ya chuma mu uwanja mutupu. Paratonnerre bila terre ya kweli ni fimbo ya kuita radi nyumbani.

Sasa kampani itasema: « Tulishapima. » Wandugu, muwaulize mambo mawili. Mulipima kwa kazi gani? Kwa umeme ya kutulia, hata om maelfu zinaweza kutosha. Kwa paratonnerre wanalomba om 10 ao chini. Karatasi moja haitoshi kwa yote. Na mulipima mwezi gani? Mwezi wa pili udongo umelowa, kipimo kinakuwa kizuri. Mwezi wa kenda udongo wetu mwekundu umekauka kama tofali, om zinapanda. Kipimo cha kweli ni kile cha wakati wa ukavu.

Watasema tena: « Tukiweka, wanaiba. » Ni kweli, na mwizi ule anauza roho ya mwenzake kwa bei ya chupa. Mwenye kununua mitraille bila kuuliza inatoka wapi ni mwizi wa pili. Lakini mwenye kujua miezi mitatu na kunyamaza tumuite nani? Kuna chuma ya kuzinkiwa, ile haina bei kubwa mu mitraille. Kuna kupitisha nsinga mu tuyau na kuifunika na beto. Ni makuta kidogo kuliko ndeke moja, na hakuna makuta ya kurudisha mtu.

Code du travail ya 2002 inalomba komite ya usalama mu kazi. Komite hiyo haiko ya kunywa kahawa. Wajumbe waingie mu angari, wadai karatasi ya kipimo ibandikwe ku mulango na tarehe yake, nsinga iangaliwe kila juma, na fundi anayekataa kujaza mafuta bila terre asifukuzwe.

Na sisi wa sendika tujilaumu pia. Tunapiga kelele juu ya mshahara na unga, na ni haki yetu. Lakini mara ngapi tulisimamisha kazi juu ya nsinga moja? Fundi yule alinijibu bila aibu kwa sababu hakuna mtu alikuwa amemuuliza mbele yangu. Kesho, ukifika ku kazi, uliza.