LETA KARATASI YA HOSPITALI

Neno la leo ni Luka 17:11-19, na ukipata nafasi soma pia Walawi 13 na 14.

Tangu Jumapili simu yangu haijanyamaza. Nilisema madhabahuni kwamba kuanzia sasa, mtu akitaka kushuhudia ameponywa ugonjwa uliopimwa hospitalini, aje na karatasi ya kabla na ya baada. Kufikia jioni grupu yetu ya WhatsApp ilikuwa imechemka. Mmoja akaandika kwamba pasta ameingiwa na roho ya Tomaso. Mwingine (nakujua, na nakupenda) akasema nimeleta sayansi madhabahuni na Roho Mtakatifu atahama. Wacha niwajibu hapa mbele ya wote.

Kwanza, Tomaso hakufukuzwa. Alionyeshwa mikono.

Pili, wale wakoma kumi Yesu aliwatuma kwa nani? Kwa makuhani. Na kuhani wa siku zile ndiye aliyekuwa afisa wa afya. Soma Walawi umwone akitoka nje ya kambi, akiangalia rangi ya ngozi na ya nywele, akimtenga mtu siku saba kisha akimwangalia tena. Muujiza ulikuwa wa Yesu mwenyewe, na bado akataka ukaangaliwe na watu ambao wengi wao hawakumpenda. Sasa wewe unaniambia muujiza wa kwetu ni dhaifu kuliko huo, kwamba ukionyeshwa daktari utayeyuka?

Nikiwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alitusimulia kisa ambacho sijakisahau. Ni Marekani, mwaka 1986. Mhubiri aitwaye Peter Popoff alikuwa anajaza kumbi na anaonekana kwenye runinga. Anamwita mgeni kwa jina, anataja ugonjwa wake, hata anataja anakoishi. Watu wanalia, wanatupa magongo, wanatoa sadaka. Sisi Wapentekoste tungesema hilo ni neno la maarifa.

Akatokea James Randi, mtu wa mazingaombwe aliyezaliwa Kanada, asiyeamini Mungu kabisa. Hakukaa nyumbani akitukana wahubiri. Alienda na wenzake kwenye mikutano, wakaangalia. Wakaona mhubiri ana kifaa kidogo sikioni. Mtu anayeombea viziwi, mwenyewe anavaa kifaa sikioni cha nini? Kule San Francisco fundi wa mitambo, Alexander Jason, akaingia na skana ya redio, akatafuta masafa mpaka akakuta sauti kwenye megahezi 39.17. Ilikuwa sauti ya Elizabeth, mke wa Popoff, akimsomea mumewe majina na magonjwa. Aliyatoa wapi? Kwenye kadi za maombi ambazo watu wenyewe walijaza, na kwenye mazungumzo ya kirafiki kabla ya ibada. Viti vya magurudumu navyo, baadhi ya waliokalia walikuwa wameingia ukumbini kwa miguu yao. Katika mkutano mwingine mwanamume mmoja wa kundi la Randi alivaa nguo za kike, na akatangaziwa kwamba amepona saratani ya mfuko wa uzazi. Cheka kwanza, kisha fikiria.

Sauti ile ilichezwa kwenye kipindi cha Johnny Carson, taifa zima likasikia. Mwaka 1987 Popoff alitangaza kufilisika. Ajabu ni kwamba baada ya miaka alirudi kwenye runinga, safari hii na maji ya muujiza. Na watu wakarudi.

Nauliza, siku ile ni nani aliyelinda kondoo? Ni yule aliyetaja jina la Yesu, au ni mpagani mwenye skana? Mimi nina jibu langu na linaniuma, kwa sababu kazi ile ilikuwa yetu. Kumbukumbu la Torati 18 inatuagiza tuangalie kama neno la nabii limetimia. Paulo akiwaandikia Wathesalonike (1 Wathesalonike 5:21) anataka kila kitu kipimwe. Tulipoacha, Mungu akaruhusu asiyeamini atufanyie. Na msiseme hayo ni ya Marekani. Mwaka 2014 runinga zetu hapa Kenya zilituonyesha maji ya kuoshea miguu yakigeuka mekundu kama damu, kumbe ni pamanganeti ya potasiamu, dawa ya kawaida inayouzwa bei ya chini.

Kuna anayesema Mungu hajaribiwi. Amina, hajaribiwi. Shetani alitaka Yesu aruke kutoka juu ya hekalu ili Mungu alazimike kumdaka. Huko ndiko kumjaribu Mungu. Kumuuliza mtu aliyeshika kipaza sauti kama anachosema ni kweli ni jambo lingine kabisa, na mtu wa kwanza kuulizwa niwe mimi.

Kwa sababu nina deni. Tulipokuwa bado kwenye lile jengo la mabati, mama mmoja alikuja mbele, ana kisukari. Niliomba, nikasikia moto, nikatangaza kwamba sukari imeisha. Kanisa likalipuka. Sikumwambia aache sindano za insulini. Lakini pia sikumwambia asiache. Siku chache baadaye kijana wake alinipigia saa nane usiku: mama anahema vibaya na hajitambui. Tulimbeba kwa gari la jirani. Mungu alimrehemu, madaktari wakafanya kazi yao, akaamka. Nilipokaa kando ya kitanda aliniambia, “Pasta, niliogopa kujidunga tena, ningekufanya mwongo mbele ya watu.”

Alikuwa tayari kufa ili nisionekane mwongo. Na tone moja la damu kidoleni lingetuambia ukweli kabla hajaondoka kanisani.

Wengine mtaniambia kwamba wanasayansi walishapima maombi wakasema hayafanyi kazi. Sitaficha, nimesoma. Mwaka 2006 kule Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Walioombewa bila kujua kama wanaombewa, 52 kati ya kila 100 walipata matatizo baada ya upasuaji. Wasioombewa, 51. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, 59. Nina maswali yangu: waombaji walipewa jina la kwanza tu na herufi ya jina la ukoo, na hakuna aliyeweza kuwazuia mama na mke wa mgonjwa kumlilia Mungu nyumbani. Lakini tuwe wakweli. Matokeo yangekuwa kinyume, si tungeyachapisha kwenye bango la krusedi? Mwaka 2010 watafiti wengine walichapisha utafiti wa Msumbiji, ambako walipima macho na masikio ya watu 24 kabla na baada ya kuombewa na Wapentekoste kama sisi, na waliona nafuu. Wakosoaji wakasema watu ni wachache na hakuna kundi la kulinganisha. Wana haki ya kusema. Ninachopenda ni kwamba wale waombaji hawakukimbia vipimo.

Na najua wengine mtanuna, lakini ndugu zetu Wakatoliki wametushinda hapa. Kule Lourdes, Ufaransa, wana ofisi ya madaktari tangu 1883. Zaidi ya watu 7,000 wameripoti kuponywa. Waliotangazwa rasmi kuwa miujiza ni kama 70 tu. Wanauliza: ugonjwa ulithibitishwa? Kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili, na kumedumu? Kuna dawa inayoweza kulieleza? Sisi tunatangaza 70 katika kesha moja.

Kwa hivyo utaratibu haubadiliki. Umepona mafua, umepata kazi, ndoa imerudi, njoo ushuhudie, hatuhitaji karatasi. Ni UKIMWI, sukari, presha, saratani au kifafa, pitia kwanza kwenye meza iliyo karibu na mlango wa pembeni. Muuguzi wetu wa kanisa ndiye atakayeona karatasi zako, yeye peke yake. Hazitasomwa madhabahuni wala kupigwa picha. Dawa usiache mpaka daktari aliyekuandikia akuambie, hata kama mimi mwenyewe nimekuwekea mikono na ukaanguka.

Ibada ya kwanza ni saa mbili. Yule mama wa sukari amekubali kukaa hapo mezani akiwapokea watu, na amesema atakuja na kile kimashine chake cha kupimia.