Saa za Urubani na Gharama Zake

Kijana akisema ataka kuwa rubani, mzazi huhesabu fedha kwanza, wala hana kosa. Na tulitazame jambo hili huko Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu wanaishi na kulea watoto wao. Sheria ya huko kwa kawaida yamtaka mwanafunzi awe ameruka si chini ya saa 40 ndipo apewe cheti cha rubani binafsi. Akitaka kulipwa kwa kazi hiyo, kwa kawaida yampasa atimize saa 250. Na mashirika makubwa ya abiria hutaka saa 1,500, isipokuwa kwa wachache waliopunguziwa. Saa hizo za katikati ndizo ziwamalizao watu, kwani eropleni ya kukodi ina petroli yake, matengenezo yake, na faida ya mwenyewe juu.

Kwa sababu hiyo wengi hukielekea chama cha kujitolea kiitwacho Civil Air Patrol. Kilianzishwa tarehe 1 Desemba 1941, na katika vita vile raia walilinda pwani kwa eropleni zao wenyewe, wakizivizia nyambizi za Wajerumani. Tangu 1948 ni msaidizi wa Jeshi la Anga la nchi hiyo. Leo kina eropleni zaidi ya 500, nyingi zikiwa Cessna za injini moja, nazo hutafuta ndege zilizopotea na kupiga picha nchi iliyopatwa na mafuriko.

Katika safari iliyoamriwa rasmi, rubani hatoi fedha ya petroli wala ya matengenezo. Mshahara hapati, lakini saa zile huziandika katika daftari lake. Akiruka kwa mazoezi yake mwenyewe, hulipa petroli na kiasi cha matengenezo tu; na mwalimu wa chama hana ruhusa ya kumdai ujira.

Lakini chama hiki si shule ya kumfundisha mtu mzima kuruka tangu mwanzo. Hutaka aje na cheti chake, awe raia au mkaazi wa kudumu, ahudhurie mikutano, na apimwe na mkaguzi kabla ya kukabidhiwa eropleni. Wengi huanzia kiti cha mtazamaji, wakichungulia chini dirishani. Kazi njema hiyo, ila saa zake hazihesabiwi kuwa za urubani. Ajaye kwa tamaa ya saa peke yake huchoka upesi, na wenzake humchoka kabla yake.

Watoto wana bahati zaidi. Aingiaye akiwa na miaka 12 hadi 18 hupandishwa angani mara kadhaa bila malipo, na baadhi yao husaidiwa gharama za masomo ya urubani.

Basi kabla ya kulipa ada, kijana na akiulize kikosi cha mjini kwake: eropleni yakaa uwanja gani, marubani wangapi waigawana, na kila mmoja wao aliruka saa ngapi mwaka uliopita.