Sokwe wa Sweetwaters hawana kwao pa kurudi

MPENZI msomaji, hebu mwulize mtoto wako wa darasa la tano ni wapi humu nchini sokwe huishi msituni. Huenda akakutajia Kakamega, ama Mlima Kenya, ama hata Tsavo. Hasha! Kenya haina sokwe wa msituni. Wale wa Kakamega ni kima na mbega, na yule anayevizia ndizi za wasafiri kando ya barabara ya Naivasha ni nyani. Sokwe, ambaye vitabu vingine humwita sokwe mtu, hana mkia, na kwao ni misitu inayoanzia Senegal hadi Uganda, Burundi na magharibi mwa Tanzania.

Hata hivyo wapo Kenya, na wamekuwapo tangu 1993. Wanaishi katika kituo cha Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Mwaka huo vita vilizuka Burundi, na sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa Bujumbura na taasisi ya Jane Goodall wakawa hatarini. Taasisi hiyo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na wasimamizi wa Ol Pejeta wakaafikiana waletwe huku. Kwa hivyo wageni wa kwanza wa kituo hicho walikuwa wakimbizi wa vita, wala si mapambo ya watalii kama wengi wanavyodhani. Wengine walifuata baadaye, kila mmoja na kisa chake.

Siku ya sokwe wa Sweetwaters huanza ndani ya nyumba. Usiku hulala humo, na asubuhi watunzaji huwapitia mmoja mmoja: nani anachechemea, nani ana jeraha, nani ameinamisha kichwa na hataki chakula. Mtunzaji mzoefu huwajua kwa sura na kwa majina, kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake. Kisha milango hufunguliwa, nao hutoka kwenda porini. Wamegawanywa makundi mawili, na kati yao unapita mto Ewaso Nyiro. Mto huo ni ukuta tosha, kwa sababu sokwe hajui kuogelea. Kwingineko wamezungushiwa ua wa nyaya zenye stima.

Pori lenyewe lina miti na nyasi, lakini haliwezi kuwalisha wote. Kwa hivyo huletewa matunda na mboga. Hapo ndipo utakapoona siasa, msomaji wangu! Kila kundi lina mkubwa wake, dume ambaye manyoya humsimama akikasirika, naye hukokota matawi na kupiga kelele hadi wadogo wakampisha. Wadogo nao wana ujanja wao. Mwingine hujifanya hana haja na chakula, kumbe ameshakiweka jicho, na mkubwa akigeuka tu, kimekwenda. Baada ya kula hukaa wawili wawili wakichambuana manyoya kwa utulivu mkubwa. Ukiwaona utafikiri ni saluni ya mtaani Jumamosi alasiri. Usidhani ni kutoana chawa tu. Ndivyo wanavyopatana baada ya ugomvi, na ndivyo mgeni anavyokubaliwa.

Nasisitiza neno hilo, kukubaliwa, kwa sababu ndilo jambo gumu kuliko yote hapo. Sokwe mchanga hunyonya hadi miaka minne au mitano, na hukaa karibu na mama yake miaka mingine kadhaa. Ni mama anayemfunza majani yapi yanaliwa, namna ya kukunja matawi yawe kitanda, na nani wa kuheshimiwa. Sasa mchukue mtoto huyo kabla hajajua lolote, umfungie peke yake miaka mingi, halafu siku moja umtie katikati ya sokwe wenzake. Atakuwa kama mtu aliyelelewa ng'ambo akarudishwa kijijini bila kujua hata kusalimu.

Chukua mfano wa Poco. Huyu alifungiwa katika kizimba kilichotundikwa kwenye gereji moja huko Bujumbura, ili avutie wateja. Kizimba kilikuwa chembamba mno, hakuweza kutulia kwa miguu minne kama sokwe wengine. Ilikuwa kuketi au kusimama wima, basi. Aliishi hivyo miaka mingi. Aliletwa Sweetwaters mwaka 1995, na hata baada ya kupata uwanja wa kutosha, alijulikana kwa kutembea wima kwa miguu miwili kuliko wenzake. Wageni walicheka wakasema, tazama, anatembea kama mtu! Mimi sioni cha kuchekesha hapo. Huo ulikuwa ulemavu aliofunzwa na gereji.

Kisha yupo Manno. Huyu aliwekwa katika bustani ya wanyama ya mtu binafsi mjini Duhok, kaskazini mwa Iraq, wakati vita vilipokuwa vimepamba moto katika nchi hiyo. Alivishwa nguo za watoto, akalishwa peremende na soda, na wageni wengine walimpa hata sigara. Watu walilipa ili wapigwe picha naye. Mwalimu mmoja wa Canada, Spencer Sekyer, alimwona huko mwaka 2013 na hakutulia tena. Akishirikiana na watetezi wa wanyama wa Lebanon, alihangaika hadi Manno akaletwa Kenya mwishoni mwa 2016, akiwa na umri wa miaka minne hivi. Aliwekwa karantini kwanza, ndipo akaanza kuzoeshwa wenzake polepole. Fikiria mtoto wa miaka minne ambaye hana kumbukumbu ya kukaa na sokwe mwingine, halafu usiku unasikia kelele za sokwe chungu nzima ng'ambo ya ukuta!

Najua yupo msomaji anayenung'unika: mbona fedha zote hizo kwa wanyama ambao hata si wa nchi yetu, na watoto wetu wanalala nje kule River Road? Swali ni la haki, na sitalikwepa. Lakini usisahau kwamba biashara hii imepita mlangoni petu. Mwaka 2005, sokwe wachanga sita walikamatwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hapa Nairobi, wamebanwa ndani ya kreti pamoja na kima. Mmoja wa sokwe hao alikufa. Waliosalia walipelekwa Sweetwaters. Na kumbuka kwamba mama sokwe hamtoi mwanawe kwa hiari. Ili mwindaji apate mtoto mmoja ni lazima kwanza amwue mama, na mara nyingi na jamaa wengine wanaokuja kumtetea.

Basi mbona wasirudishwe msituni? Imejaribiwa kwingine. Huko Conkouati, Kongo-Brazzaville, sokwe yatima walianza kuachiliwa msituni mwaka 1996, na wengi wao wakamudu maisha hayo. Lakini msitu wa namna hiyo haupatikani kila mahali. Lazima uwe mkubwa, wenye chakula, na usiwe umejaa sokwe wengine, kwa maana madume wa msituni humwua mgeni bila huruma. Na sokwe aliyelelewa na watu hawaogopi watu. Akisikia njaa atakwenda moja kwa moja kijijini, na huko hatapokelewa kwa uji. Wengi wa Sweetwaters hata kijiji walichotoka hakijulikani.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawaliulizi, ila watoto huliuliza upesi: mbona hatuoni vichanga? Majike hupewa dawa za kupanga uzazi. Kila mtoto atakayezaliwa pale ataishi ndani ya ua huo huo miaka arobaini, hamsini au zaidi, katika nchi isiyo kwao, akichukua nafasi ya yatima mwingine anayengoja kuokolewa. Nakiri uamuzi huo huniuma kidogo, hasa nikifikiria jike aliyenyang'anywa mama na kisha akazuiwa kuwa mama. Lakini nikiwekwa mimi mahali pa wale wasimamizi, sidhani ningeamua vingine.

Jane Goodall mwenyewe, aliyefika Kenya kijana mwaka 1957 na kuanza utafiti wake Gombe, Tanzania, mwaka 1960, alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Aliwatazama sokwe wa Gombe wakivua mchwa kwa vijiti, akaueleza ulimwengu kwamba si binadamu peke yake atumiaye vyombo. Leo kijana wa chuo, akiwa ameketi ndani ya matatu, humtazama sokwe aliyevishwa suruali kwenye simu yake, akacheka, akawatumia marafiki ishirini. Kati ya ishirini hao, mmoja huenda ni tajiri wa nchi ya mbali atakayesema: nami nataka wangu.

Mkitaka kwenda, Nanyuki ni kilomita mia mbili hivi kutoka Nairobi. Matatu za kufika mjini ni nyingi, lakini ndani ya hifadhi mtahitaji gari. Bebeni sweta. Msipitishe chakula wala mkono uani, na mkirushiwa jiwe msirudishe. Na kama kuna mtoto mwenye mafua nyumbani, ahirisheni safari, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua humwingia sokwe upesi, na mafua yanayomlaza mwanao siku mbili yanaweza kumwua Poco mwingine.